Bolti Iliyokwama Haishindwi kwa Nguvu

Jirani yangu mmoja ni mchuuzi wa mboga. Kila alfajiri hupakia kabichi na karoti huko Limuru katika pikapu yake, ambayo aliinunua ikiwa imekwisha tumika ng'ambo, naye huteremka nazo Nairobi kabla jua halijawa kali. Siku moja aliona maji yakidondoka chini ya injini. Akaenda katika gereji moja, na fundi kijana akamwambia, "Mzee, ni pampu ya maji. Hii ni kazi ya saa tatu tu. Jioni utakuja kulichukua gari lako."

Gari hilo lilikaa katika gereji siku tisa.

Haikuwa pampu iliyolichelewesha. Pampu mpya ilipatikana siku ile ile. Kilicholichelewesha ni bolti moja, unene wake milimita 8, ambayo bei yake dukani haifiki bei ya chakula cha mchana. Bolti ilikuwa imekwama. Kijana alitia bomba refu katika spana, akavuta, na bolti ikakatika ndani ya mwili wa injini. Alipojaribu kuitoa kwa chuma cha kung'olea, chuma hicho nacho kikavunjikia humo humo. Siku tisa mchuuzi yule hakupeleka mboga sokoni, na wateja wake wawili wa miaka mingi wakatafuta mchuuzi mwingine.

Simlaumu kijana yule kwa ubaya wa moyo, maana hakuwa nao. Alikuwa na haraka, na hakuna mtu aliyemfundisha kwamba bolti iliyokwama huharibika katika dakika ya kwanza, wakati fundi anapovuta kabla ya kufikiri. Mafundi wanaofanya kazi hii wameongezeka sana katika nchi yetu, na wenye magari yaliyotumika ni wengi zaidi. Kwa hiyo yafaa sote tujue jambo hili, fundi kwa mkono wake na mwenye gari kwa mfuko wake.

KWA NINI BOLTI HUKWAMA

Bolti hushika kwa sababu ya hesi, yaani ile mizunguko iliyokatwa mwilini mwake mithili ya ngazi inayouzunguka mnara. Bolti ikikazwa, hunyooka kidogo sana kama mpira uliovutwa, na kule kutaka kurudi katika urefu wake ndiko kunakobana vitu viwili pamoja. Basi hata bolti mpya yenye afya iko katika hali ya kuvutwa daima.

Kisha huja kutu. Watu wengi wadhani kutu hula chuma na kukipunguza tu. Ni kweli kwamba hukila, lakini kutu yenyewe huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, zaidi ya mara mbili. Katika uwazi mwembamba uliopo kati ya hesi za bolti na hesi za nati, kutu haina mahali pa kwenda. Hujaa, husukuma pande zote, na kubana kana kwamba mtu amepigilia kabari.

Chumvi huharakisha jambo hili. Sehemu kubwa ya magari yaliyotumika yanayoshuka katika bandari ya Mombasa hutoka Japani, na sheria ya Kenya, kwa kiwango kiitwacho KS 1515, hairuhusu gari lenye umri uliozidi miaka 8. Miaka 8 si mingi kwa injini, lakini yaweza kuwa mingi kwa bolti za chini ya gari. Kaskazini mwa Japani theluji huanguka sana, na barabara hutiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari lililoishi huko laweza kuwa na rangi ing'aayo kama kioo, na ukilala chini yake ukakuta bolti zimevimba kutu kama magome ya mti. Na gari likiisha fika kwetu, likikaa Mombasa, Malindi au Lamu, hewa ya bahari huendeleza kazi ile ile.

Iko sababu nyingine, na ndiyo iliyomponza jirani yangu. Injini nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa alumini, ambayo ni nyepesi, lakini bolti zake ni za chuma cha pua. Madini haya mawili yakigusana mahali penye unyevu, hutokea mkondo mdogo wa umeme kama ule wa betri, na alumini huliwa polepole ikawa unga mweupe. Unga huo hujaa katika hesi na kugandamana. Fundi akiona unga mweupe pembeni mwa kichwa cha bolti, na aone hapo onyo lililoandikwa.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Siku ile gari la jirani yangu lilipopelekwa kwa fundi mwingine, mtu mzima mwenye mvi, nilikwenda pamoja naye. Jambo la kwanza alilolifanya mzee yule lilinishangaza. Hakugusa chombo chochote. Alichukua brashi ya waya, akasugua kila bolti iliyosalia hadi hesi na pembe zake zikaonekana, kisha akaketi juu ya kigogo akazitazama.

Nilimwuliza, "Mzee, watafuta nini?"

Akanijibu, "Nazihesabu zile zitakazonikataa. Ukijua adui yako yuko wapi, hakuvizii."

Kusafisha ni kazi ya kwanza. Uchafu ulioganda juu ya kichwa cha bolti huizuia spana isiingie mpaka chini, na spana isiyoingia sawasawa huteleza na kula pembe.

Kazi ya pili ni kuchagua spana iliyo sawa hasa. Magari ya Kijapani hutumia vipimo vya milimita: kichwa cha milimita 10, 12 na 14 ndivyo vinavyokutwa sana katika injini. Lakini gari la zamani la Kiingereza, kama Land Rover za zamani, hutumia inchi. Kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya milimita 13 itaingia, na fundi asiyejua atafurahi. Ule uwazi wa milimita 0.3 ndio utakaozila pembe. Kabla ya mwaka 1841, Mwingereza Joseph Whitworth alipotoa shauri la kipimo kimoja cha hesi, kila karakana ilikata hesi zake kwa namna yake, na nati ya huku haikuingia katika bolti ya kule. Marekani nayo ikapata kipimo chake mwaka 1864 kwa shauri la William Sellers. Dunia haikupatana mara moja, na mabaki ya kutopatana huko yangalimo katika masanduku yetu ya spana hata leo.

Penye bolti ngumu, usitumie spana ya mdomo wazi, kwa kuwa hushika pande mbili tu. Tumia soketi au spana ya ringi, na iliyo bora ni ile yenye pembe sita ndani. Ile ya pembe kumi na mbili ni rahisi kuiingiza, walakini hushika ncha za pembe tu, na kichwa kikiwa kimeanza kulika, huteleza.

Kadhalika bisibisi. Parafujo nyingi za Kijapani zenye alama ya msalaba zafanana na zile za Kimarekani ziitwazo Phillips, lakini si mamoja. Bisibisi ya Phillips haizami mpaka chini katika msalaba wa Kijapani; ukiizungusha kwa nguvu hupanda juu na kuuharibu. Mara nyingi parafujo ya Kijapani huwa na nukta ndogo kichwani, na ipo bisibisi yake maalumu. Fundi wa pikipiki asiyejua tofauti hii hushinda kutwa akizilaumu parafujo, kumbe kosa ni la bisibisi.

Tatu, hakikisha wazungusha upande upasao. Bolti nyingi hufunguka kwa kuzungushwa kushoto, lakini si zote. Malori mengi ya zamani ya Kijapani na ya Kiingereza yana nati za kinyume katika magurudumu ya upande wa kushoto, na aghalabu huandikwa herufi L. Mtu asiyejua huzikaza zaidi huku akidhani azifungua, mpaka bolti ikatike.

Neno la mwisho kabla ya kuanza: usivute bolti ngumu ukiwa chini ya gari linalosimama juu ya jeki peke yake. Gari likitikiswa huteleza kutoka kwenye jeki, na wako mafundi waliokufa hivyo. Weka stendi za chuma au magogo imara ya mbao chini yake. Na uvae miwani ya kukinga macho, kwa maana kutu huanguka machoni, nayo nyundo hurusha vipande.

MAFUTA NA SUBIRA

Sasa hesabu kidogo. Bolti ya kawaida ya milimita 8 hukazwa kwa nguvu ya takriban niutoni-mita 25. Maana yake ni kwamba ukishika spana yenye urefu wa sentimita 25, yatosha kuisukuma kwa uzito wa kilo 10 tu. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 akijining'iniza katika ncha ya bomba la mita 1, aitia bolti ile nguvu iliyozidi hiyo karibu mara 24. Hakuna bolti ndogo itakayovumilia mateso hayo. Ikiwa haikufunguka, itakatika.

Basi badala ya bomba, tumia mafuta. Yako mafuta maalumu ya kupenyeza, membamba sana, ambayo huingia katika nyufa zisizoonekana. Wengi wetu hunyunyizia yale ya WD-40, na watu wachache wajua kwamba yalitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, kwa kazi ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Namba 40 ni kwa sababu jaribio la arobaini ndilo lililofaulu. Husaidia, lakini mafuta yaliyotengenezwa hasa kwa kupenyeza huipita. Mahali pasipopatikana hayo, mafundi huchanganya mafuta ya giaboksi za otomatiki na asetoni kwa kiasi sawa, nao hushuhudia kwamba yafaa. Mchanganyiko huo hushika moto upesi; usiutumie karibu na mwali wala sigara. Hata mafuta ya taa ya kawaida, waliyoyatumia mafundi wa zamani, ni bora kuliko kuvuta pakavu.

Lakini mafuta hayana faida bila wakati. Hapa ndipo wengi hushindwa. Hunyunyiza, huhesabu mpaka kumi, kisha hushika bomba. Mzee yule alitia mafuta jioni, akapiga kichwa cha kila bolti kwa nyundo ndogo mara kadhaa, si kwa hasira bali kama mtu abishaye hodi. Mtikisiko huo huivunja kutu ikafanya nyufa, na mafuta hushuka humo. Kabla ya kulala akatia tena. Asubuhi akatia mara ya tatu.

Alipoanza kuzungusha, hakuanza kwa kufungua. Alikaza kwanza, kidogo sana, kadiri ya unywele. Kutu ikivunjika upande mmoja, huwa imelegea na upande wa pili. Kisha akafungua robo mzunguko, akarudisha nyuma, akatia mafuta, akafungua tena. Kwenda na kurudi huko husaga kutu na kuitoa nje. Mtu azungushaye moja kwa moja huikusanya kutu mbele ya hesi mpaka ikabana tena, na bolti iliyokuwa imekubali kutoka hukatikia katikati ya njia.

"Bolti husema," alinieleza. "Ikitoka kwa sauti ya mlio mkavu, endelea polepole. Ukiona spana yaenda laini kama uji na bolti haitoki, simama! Hapo yanyongeka, na itakatika."

MOTO UNAVYOSAIDIA NA UNAVYODHURU

Mafuta yakishindwa, moto ni rafiki wa fundi. Chuma kikipata joto hutanuka, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha pua. Kwa hiyo bolti ya chuma iliyokwama ndani ya alumini, ukipasha joto ile alumini inayoizunguka, tundu hupanuka kuliko bolti, na mshiko hulegea. Penye nati juu ya bolti, ipashe nati. Baada ya kupasha, mafundi wengine hugusisha mshumaa kando ya hesi. Nta huyeyuka na kunyonywa ndani, nayo hulainisha mahali ambapo mafuta yangeungua.

Lakini moto una sheria zake. Chuma cha pua hubadilika kuwa chekundu kabla hakijayeyuka, nawe waona. Alumini haikupi onyo hilo. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi bila kuwa nyekundu, na fundi aliyezoea chuma huendelea kuichoma mpaka kipande cha injini kikamwagika chini.

Usiwashe moto karibu na tangi la petroli, mabomba ya mafuta, mabomba ya breki, wala mifuko ya hewa ya kukinga abiria. Usichome shokamzoba, kwa kuwa ndani yake mna mafuta na gesi iliyofungiwa, nayo yaweza kupasuka. Sehemu iliyopuliziwa dawa ya kusafishia breki isichomwe kabisa, maana baadhi ya dawa hizo zikipata moto hutoa moshi wa sumu kali. Na uweke ndoo ya mchanga au chombo cha kuzimia moto karibu nawe kabla ya kuwasha, usiende kukitafuta baadaye.

KICHWA KIKIWA KIMELIKA

Huenda gari likakufikia baada ya mtu mwingine kuharibu. Kichwa cha bolti kimekuwa mviringo na spana haishiki. Usikate tamaa. Kwanza jaribu soketi ya pembe sita iliyo ndogo kidogo, ukiipigilia kwa nyundo mpaka ing'ate. Zipo pia soketi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zenye meno yaliyopinda ndani, ambazo hung'ata zaidi kadiri unavyozungusha. Koleo la kubana lenye kujifunga husaidia ikiwa kichwa kina nafasi.

Kichwa kikiwa wazi, waweza kukichonga kwa tupa pande mbili kiingie spana ndogo, au kukata mfereji kwa msumeno wa chuma uingie ubapa wa bisibisi pana. Mafundi wa kale walitumia tindo: huielekeza ukingoni mwa kichwa kwa mshazari na kuigonga ili izungushe. Hufaa kwa bolti kubwa. Bolti ndogo hukatika. Kwa parafujo za msalaba, iko bisibisi ya kugongwa, ambayo kila ipigwapo nyundo huzunguka kidogo huku ikisukumwa chini, hata isiweze kupanda juu.

Njia yenye nguvu kuliko zote hizo ni kuchomelea nati mpya juu ya kichwa kilicholika. Wapata kichwa kipya chenye pembe nzima, na joto la kuchomelea huingia katika bolti mpaka ndani na kuvunja mshiko wa kutu. Kabla ya kuchomelea, tenga waya za betri, la sivyo waweza kuharibu vyombo vya umeme vya gari vyenye thamani kubwa kuliko injini nzima ya zamani.

BOLTI IKIWA IMEKATIKA

Hapa ndipo fundi wa kweli hujulikana. Kipande kikichomoza, kuna matumaini mengi: mafuta, joto, koleo, au kuchomelea nati. Kikikatikia ndani, hapana budi kutoboa kwa keekee, na kutoboa hutaka utulivu.

Sawazisha kwanza uso wa kipande. Tia alama katikati kwa chuma chenye ncha, nayo iwe katikati kweli. Anza na ncha nyembamba ya keekee, kisha ongeza unene kidogo kidogo, ukitia mafuta na kwenda polepole. Ukitoboa upande, waila alumini laini ya injini na kuiacha bolti ngumu. Kwa bolti ya milimita 8 yenye hesi za kawaida, tundu lisizidi milimita 6.8, kwa kuwa ukivuka hapo waanza kuzila hesi za injini. Ziko ncha za keekee zilizokatwa kinyume, zizungukazo kushoto; mara nyingi bolti hutoka yenyewe wakati inapotobolewa kwa ncha hizo.

Sasa kile chuma cha kung'olea, kilichomfikisha kijana wetu pabaya. Kimetengenezwa kwa chuma kigumu mno, na ugumu huo ndio udhaifu wake, kwa kuwa hakipindi, huvunjika. Kikivunjikia ndani, ncha za kawaida za keekee hazikiwezi. Basi kikitumiwa, na kitumiwe pamoja na joto na mafuta, kwa mkono mwepesi. Bolti iliyokataa spana nzima haitakubali kutolewa na kijiti chembamba peke yake.

Mzee yule alifanyaje? Alikivunja kile chuma vipande vipande kwa ncha ngumu na nyundo ndogo, akavitoa kimoja kimoja kwa sumaku. Halafu akajaza madini ya kuchomelea juu ya kipande cha bolti, tone baada ya tone. Madini hayo hayashikamani na alumini, hushikamana na chuma tu, hata kikapanda juu ya uso wa injini. Juu yake akachomelea nati. Mara mbili nati ilibanduka. Mara ya tatu aliacha ipoe kidogo, akatia nta, akakaza kadiri ya unywele, akafungua. Bolti ikatoka.

Hesi zilikuwa zimelika kidogo. Kwa jambo hilo nako kuna dawa: tundu hupanuliwa, hukatwa hesi mpya, kisha hutiwa springi ya waya wa chuma kisichoshika kutu ambayo hurudisha kipimo cha zamani. Hesi hizo huweza kuwa imara kuliko za kwanza. Afadhali kufanya hivyo kuliko kupaka gundi na kuomba Mungu.

KURUDISHA KWA HESHIMA

Kazi haijaisha bolti inapotoka. Fundi anayeirudisha na kutu yake amtayarishia mwenzake taabu, na mwenzake huyo aweza kuwa yeye mwenyewe mwaka ujao. Sugua hesi kwa brashi ya waya. Bolti iliyonyooka au kulika, itupe. Paka grisi ya shaba au nyingine ya kuzuia kukwama, kidogo tu, hasa pale chuma kinapokutana na alumini na kwenye bolti za ekzosi. Lakini kumbuka kwamba hesi zilizopakwa grisi huteleza, na kwa nguvu ile ile bolti huvutwa zaidi; basi punguza nguvu, au fuata kitabu cha gari. Bolti za magurudumu zisipakwe mafuta wala grisi ila mtengenezaji awe ameagiza.

Na ukaze kwa kipimo. Spana ya kupimia nguvu si pambo la gereji za matajiri. Nati za gurudumu za magari mengi madogo ya Kijapani hutaka takriban niutoni-mita 100. Zikikazwa kwa kuruka juu ya spana, siku ya pancha barabarani usiku mama wa watu hatazifungua. Zikilegea, gurudumu litatoka. Kati ya hatari hizo mbili kuna kipimo kimoja tu, nacho kinajulikana.

FUNDI NA MWENYE GARI

Nilimwuliza mzee angemshauri nini kijana yule wa kwanza. Nilidhani atasema habari za vyombo. Akasema, "Ningemwambia amwite mwenye gari kabla ya kuvuta."

Maneno hayo ni mazito. Fundi aonaye bolti imeshika kutu na asimwambie mwenyewe, ajitwika mzigo ambao si wake. Ikikatika, mwenye gari atasema, "Umenivunjia." Naye fundi atasema, "Ilikuwa mbovu." Wote wawili watakuwa na haki, na wote wawili watatoka na uchungu. Lakini akimwita mapema na kumwonyesha, akasema, "Mzee, hii imekwama. Nikiivuta leo huenda ikakatika. Nipe mpaka kesho asubuhi, na kama itakatika gharama yake ni hii," hapo shauri ni la wote wawili.

Mwenye gari naye ana wajibu wake. Sisi ndio tunaosimama juu ya kichwa cha fundi tukitazama saa. Sisi ndio tunaokwenda kwa yule aliyeahidi saa tatu na kumwacha yule aliyeahidi siku mbili. Kisha twalia.

Vijana wanaotaka ufundi huu wasidhani kwamba mambo haya hujifunzwa kwa kutazama tu. Mtihani wa ufundi wa magari wa daraja la tatu, la pili na la kwanza hutolewa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, na cheti chake humsaidia kijana kuaminiwa na watu wasiomjua. Aliyejifunza kando ya barabara naye aweza kuufanya. Hata hivyo, hakuna cheti kitakachoushika mkono usivute. Hiyo ni tabia, na tabia hujengwa bolti kwa bolti.

Jirani yangu sasa hupeleka mboga zake kama zamani. Wateja wale wawili hawajarudi. Bolti iliyokatika ameitundika kwa waya katika kioo cha gari lake, na mtu akimwuliza hiyo ni hirizi gani, hucheka na kujibu kwamba ni deni alilolipa kwa ajili ya haraka ya saa tatu.